Mvua Haijui Jumapili

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Najua wapo watakaoguna wakiona hesabu na kompyuta katika kurasa hizi zilizozoea mashairi, vitendawili na insha za kusisimua. Guneni tu. Kiswahili hakikuumbwa kwa ajili ya malenga peke yao, na neno nililo nalo linawahusu wakulima wa hapa Merigi, wazazi wetu wakiwemo.

Kwenye ukuta wa maabara ya kompyuta kumebandikwa grafu moja nzuri ya rangi ya buluu. Ina kilele kirefu kama mnara wa simu, na chini yake wenzetu wa Chama cha Sayansi wameandika kwa herufi kubwa kwamba mvua ya Merigi hurudi kila baada ya siku saba. Wanataka kuipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya mwaka huu. Habari zenyewe zimeshatoka nje ya lango. Juma lililopita, katika kituo cha kununulia majani chai, mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli wanafunzi wamegundua siku ya mvua, ili ajue siku ya kutia mbolea. Mama yangu naye ameuliza kuhusu viazi. Mbolea ni ghali, ndugu zangu, na mbegu ya viazi haiokotwi barabarani. Maoni yangu ni kwamba grafu ile isiende popote, na badala ya kuisifu tununue daftari jipya.

Kabla sijarushiwa mawe, mgala muue na haki yake umpe. Kazi ya kompyuta wenzetu waliifanya vizuri sana, na ni haki yenu kuelewa walifanya nini.

Joseph Fourier alikuwa Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1768, mtu aliyewahi kufika hata Misri pamoja na jeshi la Napoleon mwaka 1798. Alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu. Katika kitabu chake cha mwaka 1822 alitumia wazo moja la ajabu: karibu mchoro wowote wa kupanda na kushuka, hata ukionekana wa ovyo ovyo, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi mepesi, yale yale tunayoyachora katika somo la Fizikia. Fikirieni kwaya yetu siku ya tamasha la muziki. Aliye nje ya ukumbi anasikia sauti moja iliyochanganyika. Mwalimu wa kwaya, yeye, anasikia sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, tena anajua ni nani anayepiga kelele kuliko wenzake. Mgeuzo wa Fourier ni sikio la mwalimu huyo. Unaupa vipimo vilivyochanganyika, nao unakuambia ndani yake kuna mizunguko gani na upi una nguvu.

Zamani kazi hiyo ilichosha watu. Ukiwa na vipimo 1,024, njia ya kawaida inadai kuzidisha zaidi ya mara milioni moja. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey wa Marekani walichapisha njia ya mkato inayoshusha hesabu hiyo hadi mara elfu kumi hivi. (Mjerumani Gauss alikuwa ameiona njia kama hiyo tangu mwaka 1805, akaiacha katika makaratasi yake. Wakubwa hao!) Njia ya mkato ndiyo mnayoiona kwenye kompyuta ikiitwa FFT, yaani mgeuzo wa haraka wa Fourier.

Programu tunayotumia maabara ni SciDAVis. Ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haina haja ya intaneti. Unaandika tarehe katika safu ya kwanza na milimita za mvua katika safu ya pili. Unaondoa wastani, la sivyo utapata kilele cha bure penye sifuri. Unachagua FFT, unaiambia kwamba kati ya kipimo na kipimo kuna siku moja, unabofya. Kufumba na kufumbua, grafu hii hapa. Mstari wa chini ni mizunguko kwa siku. Penye 0.143 ndipo penye mzunguko wa siku saba, maana 1 ukigawanya kwa 7 ndiyo unayopata. Mstari wa wima ni nguvu ya kila mzunguko. Si mchezo, nakubali. Mara ya kwanza kuiona nilikaa kimya kama dakika nzima.

Lakini tazameni pia kisichokuwamo. Ukipima mara moja kwa siku huwezi kamwe kuona mzunguko ulio mfupi kuliko siku mbili. Ndiyo maana jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua, kwamba mvua yetu hupenda kunyesha alasiri, halimo kabisa katika grafu ile. Kompyuta haijui alasiri ni kitu gani. Inajua saa tatu asubuhi tu, kwa sababu hiyo ndiyo saa tuliyoiambia.

Sasa twende kwenye daftari, maana huko ndiko kwenye maneno.

Kipimamvua chetu kiko nyuma ya ofisi ya walimu. Daftari lake lilianza Januari 2023, na hadi mwisho wa Desemba 2025 ni siku 1,096. Husomwa saa tatu asubuhi na wanafunzi wa zamu wa Jiografia. Vizuri. Lakini shule yetu ni ya kutwa. Ijumaa jioni kila mtu anashika njia yake. Jumamosi nani anasoma kipimo? Hakuna, wengi tuko shambani tukichuma chai. Jumapili je? Tuko kanisani. Chupa nayo inaendelea kupokea maji ya Mungu siku zote hizo. Jumatatu saa tatu mwanafunzi wa zamu anamimina maji ya siku tatu, anapima, anaandika yote katika mstari wa Jumatatu. Jumamosi na Jumapili zinapewa kistari. Daftari lilipoingizwa kwenye kompyuta, kila kistari kikageuzwa sifuri.

Basi katika daftari letu, juma baada ya juma, kuna ukame wa siku mbili halafu gharika ya Jumatatu. Kompyuta ingefanya nini? Iliona mdundo wa siku saba, ikautaja. Wala haikudanganya. Ilisema kweli kuhusu daftari. Kuhusu mbingu haikuulizwa.

Mtaniuliza nimejuaje kwamba huo ni mdundo wa daftari na si wa mvua. Jambo la kwanza ni kwamba kwenye grafu ile, kando ya mnara mkubwa, kuna vilele vingine viwili, kimoja penye 0.286 na kingine penye 0.429. Hizo ni mara mbili na mara tatu ya 0.143. Wenzetu hawakuviandikia neno lolote. Kwangu mimi hivyo ndivyo vilivyotia shaka. Kitu kinachopanda na kushuka polepole, kama wimbi la ziwa, hutoa kilele kimoja. Kitu kinachokatwa ghafla, kwa mfano kwa kengele ya shule, huacha msururu wa vilele vinavyofuatana hivyo.

Jambo la pili linatosha peke yake, na mtu yeyote anaweza kulirudia maabara akipata nusu saa. Nilitengeneza safu mpya ya siku zile zile 1,096. Sikuandika milimita hata moja. Siku ambayo kipimo kilisomwa niliandika 1, na siku ambayo hakikusomwa nikaandika 0. Ni kusema safu hiyo ilikuwa ratiba ya shule tupu, bila tone la maji. Nikaondoa wastani, nikaipitisha kwenye FFT. Kilele kikasimama penye 0.143, na wenzake wawili penye 0.286 na 0.429, mahali pale pale! Ikiwa ratiba isiyo na mvua inatoa vilele vile vile vinavyosifiwa ukutani, basi vilele hivyo ni vya nani?

Safu ile ilinionyesha na jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Upande wa kushoto wa grafu, kwenye mizunguko mirefu, palikuwa na nundu karibu na mzunguko wa miezi minne. Likizo! Shule hufungwa mara tatu kwa mwaka. Hapo kwenye likizo mambo ni mabaya kuliko mwisho wa juma, kwa sababu Jumatatu angalau maji yanaandikwa, hata kama ni katika mstari usio wake. Likizo chupa hufurika, maji yanamwagikia nyasi, na daftari linapata sifuri mfululizo. Na tunafunga mwezi gani kwanza? Aprili. Muulizeni mkulima yeyote kuanzia hapa hadi Kericho mvua kubwa ni lini, atawaambia Aprili na Mei. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwa mujibu wa daftari letu sehemu ya Aprili ni kiangazi kikavu kila mwaka. Mwanafunzi wa Turkana akilisoma atatuonea huruma.

Msidhani kwamba huu ni mchezo wa watoto wa shule. Mfano mkubwa wa kazi hii uko hapa hapa kwenye nchi ya chai, na ni ajabu kwamba hatufundishwi.

Hospitali ya mashamba ya chai ya kampuni iliyoitwa Brooke Bond, kule Kericho, iliweka hesabu ya wagonjwa wa malaria tangu miaka ya 1960. Mwaka 2000 Simon Hay na wenzake, akiwemo Robert Snow aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, walichapisha uchunguzi katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Walichukua hesabu hizo za Kericho, pamoja na za homa ya dengi kutoka Thailand, rekodi zilizofika hadi miaka 33, wakatafuta mizunguko iliyojificha ndani yake. Mvua na joto vilionyesha mzunguko wa mwaka mmoja, kama mtu angetarajia. Ugonjwa ulionyesha pia mzunguko mwingine, wa miaka mitatu hivi, ambao katika hali ya hewa haukuwako! Wakatoa maoni kwamba mzunguko huo unatoka ndani ya ugonjwa wenyewe na watu unaowashika, si kwa mawingu. Oneni uzito wake. Mtu akisubiri mvua kubwa ndipo ajiandae kwa malaria, huenda mlipuko ukamkuta amelala.

Kisha likaja suala la joto. Mwaka 2002 Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba katika sehemu nne za nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo, hawakuona mabadiliko ya maana ya joto yanayoweza kueleza kurudi kwa malaria. Walitumia takwimu zilizokadiriwa kwa kuunganisha vituo mbalimbali. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walirudi kwenye takwimu za sehemu zile zile, wakasema joto limepanda. Wataalamu kwa wataalamu, kila upande na kompyuta zake! Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake, akiwemo mtaalamu wa idara yetu ya hali ya hewa, walifanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Walikwenda kwenye vipimo vya kila siku vya kituo cha Kericho chenyewe, vya mwaka 1979 hadi 2009, wakavikagua, wakaonyesha kwamba joto lilipanda kwa kiasi cha digrii 0.2 hivi kwa kila miaka kumi.

Mnaona kilichosogeza mjadala? Kompyuta kila mtu alikuwa nazo. Palihitajika mtu wa Kericho aliyeamka kila asubuhi kwa miaka thelathini, Krismasi ikiwemo, akasoma kipimajoto na kuandika. Jina la mtu huyo halimo kwenye kichwa cha makala yoyote. Na karani wa hospitali je? Angekuwa anafunga daftari lake kila Aprili kama sisi, huo mzunguko wa miaka mitatu nani angeuamini?

Najua majibu yanayonisubiri, kwa sababu tumebishana mara mbili tatu kwenye mkutano. Wapo wanaosema nafasi zilizo wazi zijazwe kwa wastani, ati kompyuta haitajua. Kweli haitajua, lakini mimi nitajua. Ukijaza Aprili kwa wastani wa Machi na Juni, umeandika mvua iliyonyesha kichwani mwako. Wengine wanasema tuache kipimamvua kizeeke kwa amani, tupakue takwimu za setilaiti. Hoja hii ina nguvu na siipuuzi. Zipo takwimu ziitwazo CHIRPS, za tangu mwaka 1981, na ni za bure. Lakini zenyewe hutengenezwa kwa kuchanganya macho ya setilaiti na vipimamvua vya ardhini, tena kila mraba wake una upana wa kilomita tano hivi. Ninyi mnajua mvua ya mawe ya huku. Inaweza kupukutisha chai ya jirani na kuacha yako ikicheka. Mraba wa kilomita tano hauoni ua la nyumba yenu. Na kila mtu akiamua kupakua, huko ardhini atabaki nani wa kupima?

Kuna pia waliosema naleta fitina ili Chama cha Sayansi kikose kombe. Hata! Mimi ningependa waende, lakini waende na ubao mwingine. Wabandike grafu mbili kando kwa kando, ile ya daftari la mvua na ile ya ratiba tupu, na wawaulize majaji ipi ni ipi. Huo ndio ugunduzi wa kweli uliofanyika maabara yetu, na sijasikia shule nyingine iliyonao. Ubao wa sasa jaji mmoja mwenye macho akiuliza swali moja tu kuhusu Jumapili, tumekwisha.

Wala daftari la miaka mitatu lisitupwe. Kwa kuwa maji ya mwisho wa juma huandikwa Jumatatu, jumla ya kila juma la muhula ni halali, toa kile kidogo kilichokauka na jua. Wajumlishe kwa juma badala ya siku, wakubali kwamba hawataona mzunguko wowote ulio mfupi kuliko siku kumi na nne, na majuma ya likizo wayaache wazi kabisa. Kuhusu mizunguko mirefu wasijisumbue. Katika miaka mitatu mwaka umejirudia mara tatu tu, na mambo kama El Niño, ambayo huja baada ya miaka miwili hadi saba, hayawezi kutafutwa humo. Hayo wataona watoto wetu, ikiwa sisi tutaandika.

Kuanzia sasa, nafasi ya siku isiyosomwa isipewe kistari wala sifuri. Yaandikwe maneno "haikusomwa", na Jumatatu yaandikwe "jumla ya siku tatu". Sifuri ibaki ya siku ambayo mtu alikwenda, akainama, akaona chupa ni kavu. Lakini dawa hasa ni kusoma kila siku. Nimezunguka madarasani na kupata wanafunzi tisa wanaokaa mahali ambapo mtu anatembea hadi shuleni kwa dakika ishirini au chini. Tukipokezana, kila mmoja atapata takriban mwisho wa juma mmoja katika miezi miwili. Likizo pia, kwa zamu ya juma juma. Na mlinzi wetu wa lango, ambaye yuko kazini Jumapili tukiwa kanisani, ameniambia yuko tayari kusaidia siku mwenye zamu akiugua. Nilimjaribu. Anasoma chupa ile kwa usawa wa macho, bila kuinamisha, vizuri kuliko baadhi yetu tunaongojea alama za Jiografia. Ningeomba uongozi wa shule umfikirie kwa kitu kidogo, kwa sababu kazi ni kazi.

Yule mzee wa kituo cha majani nilimjibu kwamba siku ya mvua haijagunduliwa, na mbolea aitie kama alivyozoea, akiangalia udongo. Alicheka, akaniuliza basi hizo kompyuta ni za nini. Nikamwambia tumezitumia kujua kwamba hatusomi kipimo Jumamosi. Akacheka zaidi.

Daftari nimeshaliona dukani hapa sokoni, lile kubwa la jalada gumu. Mwalimu mlezi amekubali pesa zitoke kwenye mfuko wa chama. Zamu ya kwanza nimeichukua mimi. Jumamosi hii saa tatu kasorobo nitakuwa langoni, na namwomba mwenye ufunguo wa ua wa nyuma asichelewe.